Mtoto wa Mbwa Amepanda Bei Tena

Jumatatu, 4 Machi

Bosi ameniita nyuma ya kaunta leo, pale anapowaitia watu anaotaka kuwafukuza. Nikajua ni ile suti ya kijivu niliyoiunguza kola. Kumbe anafungua duka la pili la udobi, mji mwingine, saa saba kwa basi, na anataka nikalisimamie mimi. Mimi! Miaka kumi na mmoja nimesimama mbele ya meza ya pasi, sasa nikasimame mbele ya watu. Mshahara karibu mara mbili, na chumba juu ya duka. Litafunguliwa mvua zikiisha, tarehe ishirini Mei. Anataka jibu, ila hana haraka kwa sasa.

Nimemwambia Baba wakati wa chai. Ameacha chai yake ikapoa, kisha akasema, "Nenda, mama. Ila usiniache na kuta. Nitafutie mbwa kwanza, ndipo uende."

Tangu Mama afariki mwaka juzi tumebaki wawili tu ndani ya nyumba hii. Mbwa ni ombi dogo. Nimeona haya, maana nilijiandaa kwa ombi kubwa zaidi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Shuka za nyumba ya wageni hazikukauka.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda kwa Sista. Ni muuguzi mstaafu, mtaa wa juu yetu, kwenye geti la bluu. Kila mtu anamwita Sista ingawa ana wajukuu. Mbwa wake amezaa watano, wanne wameshachukuliwa. Amebaki mmoja, jike, rangi ya kahawia, mguu mmoja mweupe kama mtu aliyevaa soksi moja akaitwa ghafla. Getini pametundikwa kipande cha boksi: MBWA 25. Mwandiko ni wa mtu aliyemaliza utumishi wake akiandika dawa.

Baba ndiye aliyenielekeza huko. Wa sokoni hawataki. Anasema wanabwekea hata kivuli chao, lakini mbwa wa Sista wana adabu.

Elfu ishirini na tano sina mpaka mwisho wa mwezi. Nikamwambia Sista niache kidogo kama arubuni, asimuuze kwa mwingine. Amekataa katakata. "Weka pesa yako, binti yangu. Haendi popote huyu." Nimempenda mama huyu.

Jumatatu, 11 Machi

Baba amechukua mwavuli, amekwenda kumwona mbwa mwenyewe. Amekaa huko saa mbili. Nimemuuliza amemwonaje. "Ni mbwa," amesema, akaingia chumbani kwake.

Jumanne, 19 Machi

Mvua siku ya sita. Udobi wakati wa masika ni kazi ya kuomba msamaha. Nguo zinakaa kwenye kamba ndani ya duka kama abiria waliokosa basi, na zisipokauka zinavunda, na zikivunda mteja ananusa shati lake mbele yako huku anakutazama usoni. Tunamaliza kwa pasi kile ambacho jua lilipaswa kufanya. Mkono wangu wa kulia umevimba.

Jumapili, 31 Machi

Mshahara umetoka, nimepanda kwa Sista na ishirini na tano yangu mkononi. Boksi limebadilishwa: 35.

"Chanjo," amesema Sista. "Na dawa ya minyoo."

"Si ungeniambia, Sista? Ningekuja nayo kamili."

"Ndiyo, ningekuambia." Alikuwa anatazama viatu vyangu.

Mtoto wa mbwa alilala juu ya mguu wangu. Nikaaga.

Baba hakushangaa. "Kila kitu kimepanda, mama. Hata sabuni." Amekula mkate vipande vinne. Nilikuwa nikimbembeleza ale viwili.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Mkopo mdogo kutoka kwa Kamanda, elfu kumi. Kamanda ndiye mfuaji wetu. Tumempa jina hilo kwa sababu akisema "geuza" hata Bosi anageuka.

Jumapili, 7 Aprili

Nimekwenda na thelathini na tano. Sasa ni arobaini na tano.

"Amekula mwezi mzima, binti yangu," amesema Sista, tena kwa sauti ndogo, kama anayekiri kosa la mtu mwingine.

Nimekasirika, nimesema maneno. Nimesema mbwa huyu si ng'ombe wa maziwa. Sista amenisogezea kiti. Amenikaribisha chai! Ananinyang'anya kwa mkono mmoja na kunikaribisha kwa mwingine. Simwelewi kabisa.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemsimulia Kamanda. Ameweka ndoo chini.

"Hebu tuelewane, dada. Samaki akikaa, bei inashuka. Nyanya ikikaa, inashuka. Mimi mwenyewe nimekaa bila kuolewa, bei imeshuka mpaka nimeacha kuitangaza. Huyo mbwa anakaa na anapanda? Ana nini?"

"Sijui."

"Basi nenda sokoni. Elfu nane unapata mbwa na kamba yake."

Nikamwambia Baba anamtaka huyu na si mwingine. Kamanda akanitazama kwa muda, kisha akainua ndoo yake. Sikupenda alivyonitazama.

Jumapili, 14 Aprili

Arobaini na tano ninayo, yote, noti zimenyooka. Nimefika mpaka kibanda cha fundi viatu, hatua mia mbili toka geti la bluu, mvua ikanizuia. Nimengoja. Haikukatika. Nimerudi nyumbani.

Baba hakuwepo. Amerudi baadaye, viatu vimejaa tope, anapiga mluzi. Anasema alikuwa anazungumza na wazee wenzake. Nimefurahi kwamba ana watu wa kuzungumza nao.

Alhamisi, 18 Aprili

Shati la mwalimu limepotea. Limeonekana. Lilikuwa chini ya Bosi, amelikalia tangu asubuhi.

Jumapili, 21 Aprili

Sitini.

Sista amenieleza getini, hata ndani hakuniingiza. Kuna mtu mwingine anamtaka.

"Nani?"

"Mzee mmoja. Anakuja kila siku. Anakaa naye pale kwenye ngazi, mvua isipokuwa kali. Hata ikiwa kali."

"Kwa hiyo unatushindanisha."

"Mimi?" Sista ameweka mkono kifuani. "Binti yangu, mimi nimechoka kuliko wewe."

Njia nzima nimemchukia huyo mzee. Mtu mzima na mvi zake anashindana na mimi kwa mtoto wa mbwa! Nimefika nyumbani, nimemmwagia Baba yote: nikamwita mzee asiye na haya, mzee mwenye hela za kuchezea.

Baba alikuwa anapuliza chai. "Pengine hana hela," amesema. "Pengine ana muda tu."

"Unamtetea?"

"Simjui, mama. Nawaza tu."

Ijumaa, 26 Aprili

Bosi anataka jibu kabla ya tarehe kumi na moja. Anasema yuko kijana wa duka la jirani ambaye hahitaji mbwa ili asafiri. Duka zima limecheka. Nimecheka pia, kisha nimekwenda kunyoosha mapazia ambayo hayakuwa na mkunjo hata mmoja.

Nikikosa nafasi hii nitakuwa nimeikosa kwa sababu ya mnyama mwenye uzito wa pasi mbili. Nitamwelezaje mtu jambo hilo?

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Baba ananiuliza kila jioni kama Bosi bado ananitaka. Nikisema ndiyo, anaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumapili, 5 Mei

Nitaandika yote kama yalivyokuwa kwa sababu nikilala nayo kichwani kesho nitajidanganya kwamba hayakuwa hivyo.

Nilipanda kwa Sista na elfu sitini. Mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri, mara ya kwanza wiki nzima. Boksi halikuwepo getini. Mahali pake palikuwa na kibao cha mbao kilichopakwa rangi nyeupe, na juu yake, kwa herufi nyeusi zilizokaa vizuri kabisa: MTOTO WA MBWA ANAUZWA. Chini yake, 70. Na chini ya sifuri, nukta moja nyekundu.

Nilisimama pale mpaka mpita njia mmoja akaniuliza kama nimepotea.

Baba alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya mji huu aliyapa majina kwa mkono wake, na kila alipoandika bei aliweka nukta nyekundu chini ya tarakimu ya mwisho. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ya nini. Akaniambia bei isipofungwa inakimbia. Hakuna mchoraji mwingine aliyefanya hivyo; wenzake walimcheka. Na miaka minne sasa ananiambia mkono wake hauwezi hata kutia uzi kwenye sindano. Vifungo vya mashati yake navishona mimi.

Nikajipa sababu. Sista amemwajiri. Ameona haya kuniambia anafanya kazi uzeeni. Ni sababu nzuri, na ingetosha, kama bei isingekuwa ile: elfu kumi juu ya nilizo nazo.

Sista alifungua geti kabla sijagonga. Nadhani alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nani ameandika kibao hiki?"

"Ingia ndani, binti yangu."

"Nani?"

"Unamjua." Akakaa kwenye ngazi, akafuta macho kwa upande wa kiganja. "Nimemwambia mimi sijui kusema uongo. Miaka thelathini na tano wodini, mgonjwa akiniuliza atapona, natazama chini. Kila mtu anajua jibu. Nimemwambia mzee wako, tafuta mwongo mwingine."

Basi akanieleza. Ile Jumatatu ya mwezi wa tatu, Baba alipokuja na mwavuli wake, alilipa. Elfu ishirini na tano zote, toka akiba yake, noti juu ya noti. Mbwa ni wake tangu siku hiyo. Kisha akamwomba Sista akae na mbwa huyo kwa muda, na nikija kuuliza anitajie bei ambayo sina. Nikiipata, aitaje nyingine. Chakula analeta yeye. Chanjo amelipia yeye. Anakuja kila siku kukaa naye kwenye ngazi.

"Yule mzee," nikasema.

"Yule mzee."

"Kwa nini?"

Sista akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyeuliza swali la kipumbavu. "Siku mbwa anaingia nyumbani kwenu, wewe unatoka. Si ndivyo mlivyokubaliana?"

Mtoto wa mbwa akaja, akakaa juu ya mguu wangu kama kawaida yake. Amekuwa mkubwa. Nilishindwa hata kumsukuma.

Nyumbani, Baba alikuwa mezani akisubiri. "Wamesema bei gani leo?" akauliza, tena kwa upole, mwenye huruma zake zote.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, makali, mengine ya kumliza. Kikatoka kitu ambacho sikukipanga kabisa.

"Anaitwa nani?"

"Meneja," akasema Baba.

Kijiko chake kilikuwa hewani. Akakishusha polepole.

"Meneja," nikasema.

"Basi nimpe jina gani?" Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Binti yangu anakuwa meneja. Nimewaambia wazee wote. Nimemwambia fundi viatu. Nikimwita mbwa najisikia vizuri."

"Unajivunia kwamba nakwenda, na unalipa ili nisiende."

"Ndiyo."

"Baba, hiyo haina maana."

"Najua haina maana! Unadhani mimi naielewa? Asubuhi nikiamka nataka uende, naomba uende, nasema leo nitamwambia Sista amlete. Jioni nasikia ufunguo wako mlangoni na nasema, wiki moja tu. Nikadhani bei ikifika mia utachoka."

"Nichoke kununua?"

"Uchoke kuondoka."

Alisema hivyo akitazama mikono yake. Chini ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na rangi nyekundu. Sikujua nimpige au nimkumbatie. Sikufanya lolote kati ya hayo, nikaingia chumbani na kufunga mlango kwa nguvu, kama nina miaka kumi na tano.

Jumatatu, 6 Mei

Hatukusalimiana.

Jumanne, 7 Mei

Hatukusalimiana. Ameacha chai yangu imefunikwa kwa sahani. Nimeinywa.

Jumatano, 8 Mei

Nimemweleza Kamanda, nikitegemea atamtukana mzee kwa niaba yangu. Alikuwa anakamua blanketi, akaendelea kulikamua.

"Na wewe?" akasema.

"Mimi nini?"

"Mbwa wa sokoni elfu nane. Nilikwambia tarehe nane mwezi wa nne. Baba yako angemkataa? Angemtupa nje, mtoto wa mbwa, mvuani? Yule mzee?"

Nikarudi kwenye pasi yangu. Jioni nimefungua daftari hili na kusoma nilichoandika tarehe kumi na nne Aprili. Nimeandika kwamba mvua ilinizuia. Ile haikuwa mvua. Ilikuwa manyunyu, watoto walikuwa wanacheza mpira barabarani. Fundi viatu aliniuliza, "Unasubiri nani, dada?" nikamwambia nasubiri ikatike. Pesa yote ilikuwa mfukoni. Nilisimama pale karibu saa nzima nikiomba mvua iongezeke, na nilipogeuka kurudi nyumbani nilijisikia mwepesi. Sikuandika hilo.

Na kila nilipotajiwa bei mpya nilikasirika, ni kweli, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, nilikuwa ninapumua. Sijawahi kulala mji ambao sijui mlango wa jirani. Nina miaka thelathini na minne. Namwita baba yangu mwongo, na huenda amenisaidia uongo wangu bure, kwa pesa yake mwenyewe.

Sasa sijui nina hasira na nani. Ingekuwa rahisi zaidi kama Sista angekuwa mwizi.

Ijumaa, 10 Mei

Jua saa nne mfululizo. Tumeanika kila kitu mpaka kwenye uzio wa jirani. Kesho ndiyo siku ya jibu.

Nimemuuliza Baba, na ni maneno ya kwanza toka Jumapili, "Nikienda utakula?"

"Sijui," akasema. "Wewe utakula?"

"Sijui."

Tumecheka kidogo, kila mtu upande wake.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemwambia Bosi ndiyo. Sauti ilitoka ndogo, akadhani nimesema naomba ruhusa ya kwenda msalani, akanionyesha mlango. Nikarudia.

Siwezi kusema kwamba nimeelewa ninachotaka. Nimeona tu kwamba nikingoja kuelewa, yule kijana wa duka la jirani atakwenda, na mimi na Baba tutaendelea kudanganyana kwa upendo mpaka mmoja wetu afe.

Jumapili, 12 Mei

Tumekwenda wote wawili kumchukua Meneja. Sista alipotuona pamoja alikaa chini na kusema, "Asante Mungu." Ameng'oa kibao mwenyewe kwa nyundo. Baba ametaka kukibeba nyumbani, akakataliwa na sisi wawili.

Njiani mbwa alimfuata Baba nyuma ya kisigino, hatua kwa hatua. Ana adabu kweli. Tulipofika mlangoni, Baba alisita kuingia, mbwa naye akasita. Ilibidi niwasukume wote.

Jumanne, 14 Mei

Amekojolea viatu vyangu vya kazi. Baba anasema ni bahati mbaya. Kwenye viatu vyote viwili?

Alhamisi, 16 Mei

Hakuna mvua. Nafunga sanduku, Baba anafungua akitafuta kama nimesahau kitu, nafunga tena. Leo ametoa sweta langu zito, akasema huko kuna joto. Baada ya saa moja amelirudisha, akasema huwezi kujua.

Jumamosi, 18 Mei

Kamanda amenipa miche kumi ya sabuni na amelia. Nilidhani Kamanda halii.

Jumapili, 19 Mei

Naandika nikiwa ndani ya basi, saa ya tatu ya safari. Mwandiko ukiwa mbaya ni barabara.

Baba hakunisindikiza kituoni. Alisema mbwa bado mdogo, hawezi kuachwa peke yake.

"Ni nusu saa tu, Baba."

"Nusu saa ni nyingi kwa aliye peke yake." Kisha akasikia alichokisema, akaanza kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Nimemkumbatia hapo sebuleni, Meneja akitukanyaga miguu. Baba alinuka rangi. Sikuuliza. Alinipa mkono kwanza, kama anavyopewa meneja, kisha akabadili mawazo akanivuta tena, akaniachia kwa haraka hivi kwamba nusura nianguke. "Nenda, nenda, utachelewa." Basi lilikuwa linaondoka baada ya saa moja na nusu.

Sikuwa nimefika hata barabarani nikasikia mlango umefungwa, na komeo. Iliniuma. Nilisimama na sanduku langu nikijiuliza, amenifungia? Miezi miwili ananizuia nisiende, leo hakuweza kusubiri nipinde kona?

Ndipo nikasikia makucha yakikwaruza mlango kwa ndani, na mbwa akilia kwa nguvu, anataka kunifuata. Na sauti ya Baba karibu kabisa na mbao, nadhani alikuwa amepiga magoti:

"Tulia. Atarudi. Tulia, nimekwambia, atarudi."

Mbwa alinyamaza. Baba akaendelea kusema.